Nani Kampa? Tunamkumbuka Mwalimu Elinaike wa Meza ya Alama

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo punguzeni kelele za masufuria huko jikoni, msogee karibu na redio. Mmezoea kipindi hiki tukigombana. Leo hatugombani, au tutagombana kidogo tu, maana tunayemkumbuka asingetusamehe tukinyamaza kabisa.

Jina lake ni Elinaike Nnko. Mwalimu Elinaike Nnko wa Nkoaranga. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa mwandishi wa alama katika ligi yetu ya kikapu ya kulipwa hapa kaskazini. Ametutoka Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ijumaa tumemzika pale pale nyumbani, pembeni ya kahawa zake.

Wengi wenu hamkuijua sura yake. Anayekwenda kiwanjani anajua. Ni yule mama aliyekaa katikati ya meza, kitenge begani, penseli imefungwa kamba ya sufu na kuning'inia shingoni, chupa ya chai chini ya kiti. Mbele yake karatasi rasmi ya mchezo. Pembeni kaunta buku lake mwenyewe, kubwa, la jalada gumu, ambalo hakuna aliyemtuma kuliandika.

Na mliokaa karibu na meza mnayajua maneno yake mawili. Mpira ukiingia, uwanja mzima unapiga kelele, yeye haandiki. Anamgeukia Mzee Abdiel, mtunza saa, anamuuliza: "Nani kampa?"

Nani kampa. Kwa wasiofuatilia kikapu, nieleze. Mtu akifunga anaandikiwa pointi. Aliyempa pasi iliyomfikisha kufunga anaandikiwa asisti. Waandishi wengi huandika pointi kwanza, asisti baadaye wakikumbuka. Mwalimu Elinaike alianza na aliyetoa. Akishampata huyo, ndipo anamwandika aliyefunga.

Mzee Abdiel amekaa kiti cha kushoto kwake miaka yote hiyo. Nilipompigia simu alicheka kwanza. Akasema, "Mimi kazi yangu ni saa. Nilishamwambia, mwalimu, mimi kazi yangu ni saa. Hasikii. Na mara nyingi alikuwa ameona mwenyewe. Alitaka tu tukubaliane wawili."

Alifikaje pale mezani? Sikilizeni. Mwaka 2010 mwanawe wa mwisho, Ephraimu, alikuwa kidato cha pili, mrefu kuliko walimu wake, anacheza mechi yake ya kwanza mjini. Mama ameshuka kutoka Nkoaranga na mkungu wa ndizi wa kumpelekea dada yake, akapitia kiwanjani kumtazama mtoto. Dakika ya kumi akasimama. Akashuka ngazi, akaenda hadi mezani. Watu wakadhani anakwenda kulalamika kwamba mwanawe ameonewa. Akamwambia mwandishi, "Kile kikapu ulichomwandikia mwanangu si chake. Ni cha yule mwembamba." Mwandishi akakasirika, akamsukumia penseli: "Basi njoo uandike wewe." Mama akaketi. Hakuinuka mpaka mwaka huu.

Kwa hiyo jambo la kwanza alilolifanya kwenye meza ile lilikuwa kumpunguzia mwanawe pointi mbili. Mlikumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Miaka ikaenda. Mzee Nnko, mumewe, akatangulia mbele za haki. Mwalimu akastaafu kufundisha, akabaki na kahawa, kwaya ya kanisani na kaunta buku. Ephraimu akakua, akachukuliwa na timu ya Kilele, akahamia Njiro, akaoa. Jezi namba tisa. Nasema bila kuficha: ni mfungaji mzuri kuliko wote niliowaona hapa Arusha. Na pale Kilele akakutana na Loserian, kijana wa Ngaramtoni, mfupi kwa wacheza kikapu, mpole, mtoa pasi. Loserian hafungi sana. Ila mpira ukipita mikononi mwake, mtu fulani anafunga.

Sasa tufike mwaka jana. Mwezi wa Novemba.

Mnajua kila mwisho wa msimu ligi humchagua mchezaji wa thamani zaidi, vijana wanaita MVP. Wapiga kura ni saba, sisi watangazaji na watu wa mezani. Na mnajua kipindi hiki kwa wiki tatu kinakuwa kama soko. Mwaka jana ubishi ulikuwa juu ya watu wawili wa timu moja. Ephraimu, pointi mia nne kumi na nane, wa kwanza katika ligi. Loserian, asisti nyingi kuliko zote. Nani anastahili?

Mama mmoja alipiga simu kutoka Ngaramtoni, bila shaka anampenda kijana wa kwao. Akasema, "Mnamsifu ng'ombe kwa maziwa. Aliyemtafutia majani mbona hamumtaji?" Baba mmoja wa Terrat hakumpa nafasi ya kupumua: "Mpira unahesabiwa ukiingia. Usipoingia, hayo majani yake amlishe nani?" Mimi nilikuwa upande wa Terrat. Nilikuwa upande wa Ephraimu, na mpaka leo sijahama.

Jumamosi ya kupiga kura tulikuwa wote studio, kila mmoja anasema kura yake hewani. Watu sita wakapiga. Tatu Ephraimu, tatu Loserian. Imebaki kura moja. Imebaki kura ya mama yake Ephraimu.

Ligi ilikuwa imemruhusu kukaa kando. Barua niliiona kwa macho yangu: kwa kuwa mgombea ni mwanao, ukipenda usipige. Angekaa kando, tuzo ingegawanywa kwa wawili, na kila mtu angekwenda zake kula. Wakati wa matangazo nikamwambia, "Mwalimu, kaa kando. Nani atakulaumu?" Akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia watoto wa darasa la tatu. Akasema, "Miaka yote hii wananiamini niandike nilichokiona. Leo nifumbe macho kwa sababu ni wangu?"

Taa nyekundu ikawaka. Akavuta kipaza sauti. Akasema, "Loserian."

Wasikilizaji wapendwa, mkono wake ulibaki umeshika kipaza sauti. Niliuona. Nilitamani kuushika, nikaona haya.

Ephraimu alikuwa anasikiliza kwenye gari, Njiro, nje ya geti lake. Mkewe yuko ndani, keki iko mezani. Akazima redio. Akazima na simu.

Kule mlimani Nkoaranga Krismasi haina udhuru. Uwe Dar, uwe Mwanza, unapanda nyumbani, mbuzi anachinjwa, watu wanakula, wanaimba. Ephraimu yuko Njiro, mwendo usiofika saa moja, na hakupanda. Binti mkubwa wa marehemu, Lilian, alinisimulia haya Alhamisi chini ya turubai la msiba. Akasema, "Mama alipakua sahani ya Ephraimu, loshoro ya ndizi na maziwa ya mgando, akaifunika na sahani nyingine. Loshoro ile ilikaa mezani mpaka jioni. Nikataka kuiondoa, akasema acha. Nikamwambia, mama, kura moja tu ingekugharimu nini? Akasema, Lilian, inanigharimu sasa hivi, unaiona iko hapo mezani."

Msimu mpya ukaanza Machi. Na hapa pana jambo ambalo ni watu wa kiwanjani tu wanaolijua. Mchezaji anayetoka benchi kuingia mchezoni lazima aje kwanza mezani. Lazima amwambie mwandishi namba yake. Hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo Ephraimu, aliyekuwa hapokei simu ya mama yake, kila mechi alilazimika kwenda kusimama mbele yake.

"Tisa," anasema, huku anatazama ubao wa alama.

"Ingia," anasema mama.

Basi. Machi, Aprili, Mei, Juni. Mama na mwana walizungumza maneno mawili kwa kila mechi, moja la huyu, moja la yule. Mzee Abdiel anasema kuna siku Ephraimu aliitwa kuingia mara nne, na mwalimu alirudi nyumbani amechangamka kuliko siku zote.

Kilichokuwa kinamuuma mwalimu si kura. Lilian anasema hilo hakulijutia hata siku moja. Kulikuwa na kitu kingine ndani ya kaunta buku, na hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa anaogopa kufa nacho. Moyo ulikuwa umeshaanza kumsumbua, daktari alishamwambia apunguze kupanda na kushuka.

Mwezi wa saba, Jumapili baada ya ibada, kahawa zimeanza kuiva, Ephraimu akapanda Nkoaranga. Hakuitwa. Ananiambia hata yeye hajui kilichomsukuma. Aliacha gari kanisani kwa sababu ya matope, akatembea. Akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, katikati ya mibuni, anachuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chukua ndoo, hiyo hapo."

Akachukua ndoo. Wakachuma. Wakamaliza mistari miwili ya mibuni. Mwishowe Ephraimu akasema, "Mama, nimekuja unionyeshe hesabu."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku. Wakakaa barazani. Akaweka kidole. "Vikapu mia moja na sitini umefunga msimu ule. Tisini na vinne kakupa Loserian. Wewe ukikaa benchi, wenzako walikuwa wanafunga. Yeye akikaa benchi, wewe ukiwemo, mlikuwa mnakimbizana kama kuku walioona mwewe."

Ephraimu akasoma. Akasema, "Sawa. Na mimi nisingefunga, hizo pasi zake tisini na nne ungeziandika wapi?"

"Nisingeziandika."

"Kwa nini?"

"Asisti haiandikwi mpaka mpira uingie."

"Basi."

Mama akainamia ukurasa. Ephraimu anasema aliuinamia mpaka akadhani amekasirika. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kifua. "Hapo umenishika," akasema. "Mwaka mzima nimebishana na watu wazima redioni, na hakuna aliyenishika hapo."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao watu wazima. Asante, Ephraimu.

Ila Ephraimu alikuwa bado ameshika kitabu. Akaona vinukta. Kwenye baadhi ya mistari yake, pembeni ya namba ya Loserian, kulikuwa na nukta ndogo ya penseli. Kwenye mistari ya wachezaji wengine hapakuwa na nukta. Akauliza, "Na hizi?"

Hapo mwalimu hakucheka. Akamweleza, na Ephraimu amenipa ruhusa niwaeleze nanyi. Kuna nyakati mwandishi hana hakika. Mtu kapewa pasi, lakini kachezesha mpira, kamzungusha beki, kafunga. Je, kapewa, au kajitafutia? Sheria inaliacha kwa jicho la mwandishi. "Kwa watoto wa watu," mama akasema, "nikiwa na shaka naandika amejitafutia. Kwako wewe, nikiwa na shaka, niliandika umepewa. Niliogopa waseme mama anambeba. Nilikuwa naweka nukta ili nisisahau nilichokufanyia."

"Ziko ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kwa hiyo ulininyima."

"Nilikunyima, baba. Wewe peke yako katika ligi nzima." Akamshika mkono. "Kura yangu siombi radhi. Nukta naomba radhi."

Ephraimu akafanya hesabu kichwani, ni mtoto wa mwalimu huyo. "Ukinirudishia zote, Loserian anabaki na sabini na tano."

"Sabini na tano bado ni nyingi."

"Bado yeye?"

"Kwa macho yangu, bado yeye. Ila kwa unywele tu."

Nilimuuliza Ephraimu, "Hukukasirika tena?" Akasema, "Miezi minane nilisubiri mama aseme mimi ni bora. Hakusema, mpaka mwisho hakusema. Lakini aliposema nilikunyima, nikajua kumbe aliniona. Kila kikapu changu alikiona, hata vile alivyoninyima. Nikalia pale barazani kama mtoto." Kisha wakala. Loshoro, bila sahani ya kufunika.

Jumamosi iliyofuata, kiwanjani, Ephraimu akaja mezani. "Tisa," akasema, na safari hii hakutazama ubao.

"Ingia, baba," akasema mama.

Mechi tatu tu walipata za namna hiyo. Wiki tatu. Jumanne ile asubuhi Lilian alimpelekea chai, akamkuta amelala kwa utulivu. Miwani iko juu ya kaunta buku.

Msibani tulikwenda wengi. Waamuzi, wachezaji, wanakwaya, wanafunzi wake ambao sasa wana mvi. Na kwa kuwa watu wa kikapu hatuna adabu, haikupita saa mbili chini ya turubai tukawa tumeanza. Nani alistahili? Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mama wa watu alikosea, Mungu amrehemu." Wote tukamtazama Ephraimu, aliyekuwa anapita na sinia la chai. Akaliweka chini. Akasema, "Hakukosea. Na mimi pia sikukosea. Kunyweni chai."

Loserian alikaa nyuma kabisa, hakutaka kuonekana. Nilimfuata. Hakumwita mwalimu, alimwita yeyo, kama anavyomwita mama yake mzazi. Akaniambia, "Yeyo alinipa kura yake mbele ya nchi nzima. Juzi juzi, baada ya Ephraimu kupanda kule, akanifuata kwenye mazoezi. Akaniambia, Loserian, usivimbe kichwa. Ephraimu asingefunga, ungebaki umeshika upepo. Nikamwambia, yeyo, hilo nalijua, ndiyo maana nampa yeye."

Sasa nifike Jumapili iliyopita. Siku mbili baada ya mazishi. Kilele walikuwa na mechi, na ligi ilimuuliza Ephraimu kama anataka kupumzika. Akasema atacheza. Akaanzia benchi. Mezani amekaa binti anaitwa Angel, mwandishi mpya, msichana mzuri, ana kompyuta ndogo, anaogopa kila kitu. Kiti cha kushoto, Mzee Abdiel na saa yake.

Robo ya pili Ephraimu akaitwa. Akaja mezani. Akasema, "Tisa."

Angel akabonyeza, akaitikia kwa kichwa. Ephraimu hakuondoka. Alisimama pale, mrefu, mikono imening'inia. Angel akamtazama, hajui amekosea nini. Mwamuzi akaanza kuita. Ndipo Mzee Abdiel, ambaye kazi yake ni saa, akasema taratibu, "Ingia, baba."

Akaingia. Dakika haijaisha, Loserian akapenya katikati ya wawili, akamtupia bila kutazama. Ephraimu akafunga. Watu wakasimama. Wachezaji wengine wanakimbia kurudi kuzuia, yeye akakimbilia mezani. Angel ameshaandika pointi mbili, anatabasamu, anadhani amekuja kushangilia.

Ephraimu akainama, akaweka mikono yote miwili mezani. Akauliza, "Nani kanipa?"

Binti akamgeukia Mzee Abdiel. Mzee akajibu: "Loserian."

"Mwandike yeye kwanza," akasema Ephraimu. Halafu akakimbia kurudi mchezoni. Walikuwa wameshafungwa upande wa pili, na kocha wake alimtukana, na hakuna mtu kiwanjani aliyejali.

Wasikilizaji wapendwa, aliyetutoka ni Elinaike Nnko. Mwalimu Elinaike Nnko wa Nkoaranga, mwandishi wa alama kwa miaka kumi na mitano. Kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa Lilian, kwa Ephraimu na mkewe, kwa wajukuu, kwa wanakwaya wenzake, kwa Mzee Abdiel ambaye hana tena wa kumsumbua. Pole kwa Loserian, maana naye amefiwa na mama. Mungu aipumzishe roho yake mahali pema, na huko aliko wampe penseli iliyochongwa.

Ubishi wa mwaka huu utaanza Novemba kama kawaida, na kura ya saba haina mwenyewe. Mimi nitakuwa upande wangu ule ule. Ila nimejifunza kitu kwa mwanamke huyu, na nawaachia nanyi mkakitafakari mezani kwenu, kazini kwenu, shambani kwenu. Siku yako ya kufunga ikifika na watu wakasimama kukushangilia, usikimbilie kuinua mikono. Nenda mezani kwanza, ukaseme nani kakupa.